Dawa zimekwisha: Tatizo ni fedha au usimamizi?



Ndugu Waislamu, mzazi wa hapa Mazinde akifika zahanati na mtoto anayechemka homa, akaambiwa dawa zimekwisha, neno la kwanza linalomtoka ni kuwa serikali haina fedha. Huenda ni kweli. Lakini zipo nyakati ambapo fedha ilikuwepo, gari lilikuwepo, na dawa ilikuwa imejaa bohari, ila hakuna aliyekaa chini akahesabu.

Nabii Yusuf (a.s.) alipokabidhiwa hazina za Misri hakuongezewa mvua wala ardhi. Alihesabu miaka saba ya neema, akaweka akiba ya miaka saba ya ukame, na watu wakala. Kazi ile aliiomba kwa sifa mbili, uaminifu na ujuzi. Sisi tunaishikilia sana ya kwanza na kuisahau ya pili. Mtunza stoo mcha Mungu asiyejua kujaza leja atatukosesha dawa vilevile.

Ushahidi wa jambo hili hatuhitaji kuufuata Ulaya. Upo hapa nchini, katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na taasisi ya IDRC ya Kanada, ilianzisha huko mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP. Wilaya ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola mbili za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka, kwa sharti kwamba kwanza zijue watu wao wanakufa kwa maradhi gani. Vitabu vya zahanati havikutosha kujibu swali hilo, maana wengi walikuwa wakifia majumbani. Ikabidi watu wapite nyumba kwa nyumba kuuliza nani amefariki, aliumwa siku ngapi, na dalili zake zilikuwa zipi.

Majibu yalipowekwa kando ya bajeti, mambo yalionekana wazi. Katika Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa maradhi, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipata asilimia 5 tu. Magonjwa ya watoto kama nimonia, kuharisha na surua, yakijumlishwa pamoja, yalichukua asilimia 28 na kupewa asilimia 13. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4, nacho kilipewa asilimia 22. Hakuna aliyeiba. Bajeti ilikuwa ikinakiliwa kutoka mwaka uliopita, basi.

Wilaya zikahamisha fedha kuelekea kule vifo viliko: vyandarua, dawa, na mafunzo ya kumpima mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutazama homa peke yake. Vituo vikubwa vikapewa jukumu la kukagua zahanati za jirani. Na katika zile dola mbili, wilaya zilijikuta zinatumia kama senti 80 tu. Katika miaka mitano hivi vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Msomaji atasema ni vyandarua vilivyofanya kazi hiyo. Naam, lakini chandarua hakikujinunua chenyewe.

Sasa turudi kwenye kabati la zahanati. Zamani zahanati zote zililetewa sanduku la dawa la aina moja, liwe la mlimani Usambara au la huku chini kwenye mbu. Siku hizi kila kituo huagiza kwa mahitaji yake, jambo ambalo ni jema, ila ndipo makosa ya hesabu yanapoingia. Tuseme dozi 100 za dawa mseto zilitolewa kwa siku 10, zikaisha, na siku 20 zilizobaki wagonjwa wakarudishwa. Mwandishi wa leja akiandika kuwa matumizi ya mwezi ni dozi 100, ataagiza 100, na mwezi ujao zitaisha tena tarehe 10. Mahitaji halisi yalikuwa 300. Hizo siku 20 za kabati tupu ni lazima ziingie katika hesabu. Vilevile anayeagiza kwa wastani wa miezi ya kiangazi atakamatwa na masika. Hakuna hospitali ya rufaa inayoweza kulifanya hili kwa niaba ya zahanati.

Na sisi wananchi tuna nafasi yetu. Kila zahanati inatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kijijini, na tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, tusiwaachie wazee wachache. Akina mama ndio wanaobeba watoto kwenda zahanati, basi wao ndio wenye kujua kabati lilikuwa tupu lini. Waulize kwa adabu: dawa ipi iliisha, kwa siku ngapi, kilichoagizwa ni kiasi gani na kilichofika ni kiasi gani?

Kuna jambo jingine linalotuhusu Waislamu hasa. Sisi huharakisha mazishi, na hiyo ni sunna. Mtoto akifariki usiku, kabla ya adhuhuri ameshazikwa, na mara nyingi hakuna kitabu chochote kilichoandika kuwa aliwahi kuumwa. Kwa mpanga bajeti wa wilaya, mtoto yule hakufa. Kuandika hakucheleweshi jeneza hata dakika tano. Kila msikiti ungeweza kuwa na daftari, akabidhiwe katibu, na mhudumu wa afya wa kijiji alipitie kila mwezi kwa idhini ya wafiwa. Yaandikwe haya: umri, tarehe, aliumwa siku ngapi, kama alikuwa na homa, kuharisha, kupumua kwa shida au degedege, kama alipelekwa zahanati, na kama alipofika huko alipata dawa.