Mgonjwa Mahututi Hangoji Chumba Chake

Dalili ya mvua ni mawingu. Mgonjwa naye, mara nyingi, hafi ghafla kama tunavyodhani. Saa kadhaa kabla, mwili wake hutoa taarifa: pumzi huenda mbio, moyo hupiga kwa kasi, mikono hupoa, na mtu aliyekuwa akizungumza vizuri huanza kuweweseka. Swali ni hili: je, yupo aliyeiona taarifa hiyo na kuchukua hatua?

Utafiti uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, na kuchapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet, umetoa jibu la kusikitisha. Mgonjwa mmoja katika kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi. Wengi wa mahututi hao hawakuwamo katika vyumba vya uangalizi maalumu, bali katika wodi za kawaida. Mmoja katika kila watano alifariki dunia ndani ya siku saba, na zaidi ya nusu hawakupata huduma ya msingi waliyoihitaji, kama vile oksijeni au maji ya mshipani.

Habari hiyo inatuhusu sana sisi wa Mdandu, Njombe na Makambako. Mgonjwa wa Mdandu hupokewa kwanza na muuguzi wa karibu, wala si daktari bingwa. Na kabla ya kuifikia Hospitali ya Ilembula au ya Njombe, hana budi kusafiri. Makambako nayo ni njia panda, ambapo barabara ya Songea huachana na barabara kuu iendayo Zambia, na majeruhi wa ajali hawachagui saa ya kufika. Mtoto mwenye nimonia na mzazi anayevuja damu hawawezi kungoja mitambo ya mijini.

Kwa bahati njema, kazi ya kwanza haihitaji mitambo hiyo. Yahitaji saa yenye mshale wa sekunde, kipimo cha presha, na kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au chini ya mara 8. Ambaye moyo wake unapiga zaidi ya mara 130, au chini ya mara 40. Ambaye namba ya juu ya presha yake, au asilimia ya oksijeni yake, imeshuka chini ya 90. Au aliyepoteza fahamu, huyo yumo hatarini. Hapo muuguzi huita msaada, na papo hapo hufungua njia ya hewa, humlaza ubavu asiye na fahamu, hutoa oksijeni, huzuia damu, na huweka maji ya mshipani inapohitajika. Gari la kumhamisha mgonjwa lisimkute bado hajahudumiwa.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa nchini. Katika chumba cha mahututi cha Hospitali ya Taifa Muhimbili, wauguzi walipewa utaratibu ulioandikwa wa kufuata kila kipimo kinapovuka mpaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, ingawa vifo kwa jumla havikubadilika sana, vile vya waliofika na presha ya chini vilipungua kutoka asilimia 92 hadi 69.

Basi tusimlaumu muuguzi aliyeachwa peke yake usiku na wodi nzima. Halmashauri zetu hazina budi kuhakikisha kwamba wauguzi wanatosha, oksijeni ipo, na karatasi ya vipimo hujazwa ili ifanyiwe kazi. Nasi wananchi tusichelewe: mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipatwa na dharura, tupige 115, namba ya M-mama isiyo na malipo. Kuhesabu pumzi kwa dakika moja ni kazi ndogo. Kutoihesabu kwaweza kugharimu uhai wa mtu.