NAFASI ZA KIDATO CHA TANO KATIKA SHULE ZA SERIKALI ZA WASICHANA
Maelezo kwa watumishi na wakazi wa Kibondo na Kasulu

Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanyika mwezi Novemba, na matokeo yake hutangazwa kwa kawaida mwezi Januari. Masomo ya Kidato cha Tano huanza mwezi Julai. Katika miezi hiyo kati ya Januari na Julai huamuliwa jambo kubwa katika maisha ya msichana aliyefaulu, nalo ni shule atakayokwenda, masomo atakayosoma, na kwa sababu hiyo kazi atakayoweza kuifanya baadaye. Imedhihirika kuwa wazazi wengi huona uamuzi huo kama bahati nasibu, ambapo jina hutokea au halitokei. Maelezo yafuatayo yanakusudiwa kuonyesha kwamba uchaguzi una kanuni zake, na kwamba sehemu ya kanuni hizo imo mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe na mzazi wake.

CHIMBUKO LA UTARATIBU

Shule za sekondari za wasichana zilikuwa chache sana wakati Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, na sehemu yake kubwa ilikuwa mikononi mwa mashirika ya dini. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizichukua shule nyingi za aina hiyo. Marian College ya Morogoro, iliyoendeshwa na masista wa Maryknoll, ndiyo iliyokuja kuwa Shule ya Sekondari Kilakala. Bibi Gertrude Mongella, aliyezaliwa mwaka 1945 katika kisiwa cha Ukerewe, alisoma katika shule hiyo ya masista kabla ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka 1995 yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Wanawake uliofanyika Beijing.

Mwaka 1973 lilianzishwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na tangu hapo mtihani mmoja wa taifa umekuwa msingi wa uchaguzi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba wanaomaliza Kidato cha Sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilishuka, na baada ya miaka michache wasichana walisamehewa sharti hilo. Funzo la tukio hilo ni kwamba kanuni iliyoandikwa kwa watu wote kwa usawa yaweza kumwangukia msichana kwa uzito zaidi, kwa kuwa kila mwaka anaokaa nyumbani nje ya masomo humsogeza karibu na ndoa kuliko darasa.

AINA ZA SHULE

Shule za Serikali zenye Kidato cha Tano na cha Sita kwa wasichana hazina daraja moja. Zipo kwanza shule za vipaji maalum, ambazo kwa wasichana ni Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Hizi hupokea wanafunzi wenye ufaulu wa juu kutoka mikoa yote. Kwa wakazi wa Kigoma, Tabora Wasichana ndiyo iliyo karibu zaidi kati ya hizo, japokuwa msichana wa Kibondo hana reli wilayani mwake na humlazimu kusafiri kwanza kwa barabara.

Zipo pia shule za kawaida za bweni za kitaifa. Aidha, chini ya Mradi wa Kuimarisha Ubora wa Elimu ya Sekondari, uliopitishiwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 na Benki ya Dunia mwezi Machi 2020, Serikali ilipanga kujenga shule 26 za sayansi za wasichana, moja katika kila mkoa wa Tanzania Bara. Kusudi lake ni kwamba msichana mwenye uwezo katika masomo ya sayansi asikose maabara na bweni kwa sababu tu alizaliwa mbali na shule kongwe.

MASHARTI YA KUCHAGULIWA

Uchaguzi hufanywa na TAMISEMI. Mkuu wa shule hana mamlaka ya kuchagua wanafunzi wake wa Kidato cha Tano, na hakuna ada wala zawadi inayoweza kununua nafasi. Mwananchi atakayeambiwa vinginevyo aelewe kuwa anadanganywa.

Katika Mtihani wa Kidato cha Nne, alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi ndiyo yanayojumlishwa. Jumla ya pointi 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 Daraja la Pili, 22 hadi 25 Daraja la Tatu, na 26 hadi 33 Daraja la Nne. Anayetaka kuchaguliwa hutakiwa kutimiza haya:

(a) awe na alama A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu, masomo ya dini yakiwa hayahesabiwi;

(b) jumla ya pointi zake katika masomo saba isizidi 25;

(c) jumla ya pointi katika masomo matatu ya tahasusi anayoiomba iwe kati ya 3 na 10, na asiwe na F katika somo lolote kati ya hayo.

Ieleweke kwamba kutimiza masharti ni kustahili kushindana, wala si kupata nafasi. Nafasi zikiwa chache kuliko wanaostahili, wenye ufaulu wa juu hutangulia.

MFANO WA HESABU

Achukuliwe mwanafunzi wa mfano aliyepata B katika Biolojia, Jiografia na Kiswahili. C katika Kemia, Kiingereza na Uraia. D katika Fizikia na Historia. Na F katika Hisabati. Masomo yake saba bora yanatoa jumla ya pointi 19, hivyo yumo katika Daraja la Pili. F ya Hisabati haikuingia katika hesabu hiyo.

Msichana huyu akiomba tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia (PCB), pointi zake ni 4, 3 na 2, jumla 9. Anastahili, lakini yuko karibu na ukingo, na wengi watakuwa mbele yake. Akiomba Kemia, Biolojia na Jiografia (CBG), pointi ni 3, 2 na 2, jumla 7, na nafasi yake ya kuchaguliwa ni kubwa zaidi.

Je, aombe ipi? Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Shahada ya udaktari wa binadamu huhitaji ufaulu wa Kidato cha Sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Aliyesoma CBG hataifikia kwa njia hiyo, hata akipata A tatu. Lakini kilimo, misitu, mazingira na ualimu wa sayansi vimo ndani ya uwezo wake, na hizo ni taaluma ambazo wilaya za wakulima kama Kibondo na Kasulu zinazihitaji. Kinyume chake, anayeng'ang'ania PCB kwa sababu ya jina la udaktari tu, huku Fizikia ikiwa imemshinda tangu Kidato cha Pili, aweza kumaliza Kidato cha Sita bila kupata alama za kumpeleka popote. Uamuzi huo haufai kufanywa na mwanafunzi peke yake usiku mmoja kabla ya fomu kurudishwa. Unahitaji mwalimu wa somo, mwalimu wa taaluma na mzazi.

FOMU YA UCHAGUZI

Mwanafunzi hujaza fomu ya uchaguzi, ijulikanayo kama Selform, akiwa bado Kidato cha Nne, kabla ya kuyajua matokeo yake. Humo hutaja tahasusi na shule au vyuo anavyovipendelea. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua muda maalum ambapo mwanafunzi aweza kubadilisha machaguo yake kwa njia ya mtandao. Fursa hii ndiyo inayopotea zaidi vijijini. Msichana hurejea nyumbani mwezi Novemba, shule inafungwa, na tangazo linapotoka mtandao haumfikii. Muda ukipita, machaguo ya awali ndiyo yanayotumika.

Hali kadhalika, tahasusi zenyewe zimeongezeka. Mwaka 2024 idadi yake ilipanuliwa kutoka 16 hadi 65. Mwalimu anayemshauri mwanafunzi kwa kukumbuka orodha ya enzi zake mwenyewe anaweza kumfungia mlango uliokwisha kufunguliwa.

MASOMO NA MITIHANI

Masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita huchukua miaka miwili, na mtihani wa mwisho hufanyika kwa kawaida mwezi Mei. Masomo ni machache kuliko ya Kidato cha Nne, lakini kina chake ni kikubwa zaidi, na viwango vya alama ni vikali: A huanzia 80, B 70, C 60, D 50 na E 40. Alama 65, iliyokuwa B katika Kidato cha Nne, hapa ni C.

Kwa miaka mingi wanafunzi wa sayansi ambao hawakuchukua hisabati ya juu wametakiwa kusoma hisabati ya msingi pamoja na tahasusi zao. Kwa hiyo ile F ya Hisabati ambayo haikuhesabiwa katika mfano wa hapo juu haikupotea. Ilikuwa ikimsubiri msichana huyo mbele ya safari. Wazazi waache kuwaambia watoto wa kike kwamba hisabati si somo lao.

Liko pia suala la lugha. Mtoto wa Kibondo au Kasulu hulelewa kwa Kiha, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kuanzia Kidato cha Kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Anapofika Kidato cha Tano huwa anajifunza kemia kwa lugha yake ya tatu. Msichana mwenye akili nzuri aweza kuonekana mzito kwa sababu hiyo pekee, na kazi ya kumsaidia haiwezi kuachwa hadi mwaka wa mtihani.

Kuingia Chuo Kikuu huhitaji kwa uchache ufaulu katika masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha chini, na fani nyingi hudai zaidi.

GHARAMA NA WAJIBU WA MZAZI

Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kufutwa kwa ada hakukufuta nauli, godoro, sare, ndoo na madaftari. Fomu ya maelekezo ya kujiunga huorodhesha mahitaji hayo. Mzazi mwenye busara huanza kuweka akiba wakati wa mavuno, kabla jina halijatangazwa, kwa sababu mwanafunzi asiyeripoti katika muda uliowekwa aweza kuipoteza nafasi yake, naye mwingine akapewa.

Kuhusu ndoa na mimba, sheria haina utata. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni baada ya kujifungua. Mzazi anayepokea mahari ya mwanafunzi anajiweka katika hatari, na anayemzuia binti yake kurejea darasani hana kanuni ya kumtetea.

WASICHANA WA KAMBI YA NDUTA

Wakazi wa Kibondo wameuliza mara nyingi kuhusu wasichana wakimbizi. Kambi ya Nduta, iliyofungwa mwaka 2008 na kufunguliwa tena Oktoba 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, iliendesha shule zake kwa mtaala wa Burundi ili watoto waweze kuendelea na masomo watakaporudi kwao. Kwa kuwa wanafunzi hao hawakufanya Mtihani wa Kidato cha Nne wa Tanzania, hawakuweza kuingia katika uchaguzi wa TAMISEMI, hata kama walisoma kilometa chache tu kutoka shule za wenyeji wao. Cheti kilichotolewa nje ya nchi hulinganishwa kwanza na Baraza la Mitihani kabla ya kutambuliwa nchini. Msichana aliyesoma kwa mtaala wa kigeni atunze vyeti vyake vyote, maana bila karatasi hizo hakuna ulinganisho unaowezekana.

WAJIBU WA WATUMISHI

Maofisa elimu kata, wakuu wa shule na watendaji wa vijiji ndio walio karibu na msichana katika miezi anayokaa nyumbani akisubiri. Inatosha kila shule iwe na orodha ya waliofaulu na mahali wanapoishi, tangazo la kubadilisha machaguo libandikwe katika ofisi ya kijiji na kusomwa katika mikutano na nyumba za ibada, na kila mzazi ajulishwe siku ya kuripoti. Kazi hiyo haihitaji fungu la bajeti. Ikiachwa, msichana aliyestahili nafasi ataikosa kwa sababu tu habari haikumfikia.