Fundo la Katikati

Tarehe 23 Agosti 1991 kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilizama karibu na Stavanger, Norwe. Uchunguzi ulionyesha kuwa hesabu za kompyuta zilikuwa zimekadiria mkazo wa kukata katika kuta zake pungufu kwa asilimia 47: wavu wa elementi ulikuwa mpana mno.

Pembetatu ya daraja la kwanza ina mafundo 3 tu, na mkazo ndani yake huhesabiwa kuwa sawa kila mahali, dhana ya kijasiri kweli. Huinuliwa hadi daraja la pili kwa kuongezewa fundo katikati ya kila ubavu, yakawa 6. Mkazo sasa waweza kubadilika toka pembe hadi pembe. Ubavu wa pamoja hupewa fundo moja. Yakiwa mawili, wavu hupasuka hapo, na kompyuta hainung'uniki.

Penye ukingo uliopinda, fundo husogezwa hadi lilale juu ya pindo lenyewe. Lakini likifikia robo ya ubavu, mkazo katika pembe iliyo karibu hukua pasipo kikomo. Wachunguzi wa nyufa, tangu miaka ya 1970, huliweka hapo kwa makusudi, kwani ndivyo nadharia isemavyo juu ya ncha ya ufa.