Jaji Asiyeruhusiwa Kupima

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, ambako kibanja cha migomba na kahawa ndicho urithi wa watoto, ndiyo makaburi ya wazee, na aghalabu ndicho chanzo cha husuma baina ya ndugu, mtu anayeshtakiwa kwa mauaji hatimaye husimama mbele ya Mahakama Kuu mjini Bukoba. Na akitiwa hatiani, jaji hana hiari tena, kwani kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu chamlazimisha kutamka kifo, nacho kifo hicho ni cha kunyongwa. Aliyepanga uovu wake kwa miezi kadhaa, na aliyeshikwa na khofu ya uchawi usiku mmoja akamuua jirani, wote wawili husomewa maneno yale yale.

Hilo ndilo linaloniuma. Sisemi kwamba damu ya aliyeuawa haina thamani. Nasema kwamba hukumu isiyopima si uadilifu.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu hiyo ya kifo yakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni ya kikatili na yenye kudhalilisha, kisha ikaiacha ibaki, kwa hoja kwamba Katiba yenyewe yaruhusu mipaka kwa maslahi ya umma. Hata hivyo, tangu mwaka huo wa 1994 hapana aliyenyongwa nchini, na mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hatatia saini hati ya kumnyonga mtu. Waliohukumiwa wangali wanangoja, miaka kwa miaka.

Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua, tarehe 28 Novemba 2019, kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya mauti ni kuvunja haki ya uhai, na kwamba kunyonga ni kuvunja utu. Mwaka 2022 ilirudia kauli hiyo katika shauri la mfungwa aliyehukumiwa na Mahakama Kuu ya Bukoba. Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera, ililegeza ulazima huo mwaka 2009, na Kenya mwaka 2017, kwa hukumu za mahakama zao za juu.

Huko Marekani, ambako wafungwa huuawa kwa sindano, kampuni ya Lundbeck ya Denmark iliweka masharti ya mauzo mwaka 2011 ili dawa yake isifike kwenye magereza yanayotekeleza adhabu hiyo, na Pfizer ikafanya vivyo hivyo mwaka 2016: wafanyabiashara walikiri kwamba nao wana dhamana juu ya uhai wa mtu. Kwetu kamba haihitaji kiwanda cha dawa wala idhini ya kampuni yoyote. Kwa hiyo dhamana yote imebaki kwa dola, na kwa sisi tunaoichagua.

Basi msomaji wa Kagera, mbunge wako ajapo kukuomba kura, muulize kama yu tayari kuliondoa neno la lazima katika kifungu cha 197, na umtake jibu lake mbele ya watu.