Asetilikolinesterasi

Asetilikolinesterasi ni kimeng'enya kinachopatikana katika ubongo, neva na misuli ya binadamu na ya wanyama wengi. Kwa binadamu hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo ACHE, iliyopo kwenye kromosomu ya 7.

Kazi

Neva hupeleka ujumbe kwa msuli au kwa neva nyingine kwa kumwaga asetilikolini katika mwanya mwembamba ulio kati yao. Asetilikolinesterasi huivunja papo hapo kuwa kolini na asetati, ili ujumbe ukome na mwingine uweze kupita. Molekuli moja ya kimeng'enya hiki huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kila sekunde.

Kuzuiwa

Kimeng'enya kikizuiwa, asetilikolini hurundikana na msuli huendelea kuamrishwa bila kupumzika. Nyoka koboko kijani wa mashariki (Dendroaspis angusticeps) huishi mitini, hata kwenye mikorosho na miembe, katika ukanda wa pwani zilipo Kibiti na delta ya Rufiji. Sumu yake ina fasikulini, protini inayoziba asetilikolinesterasi na kufanya misuli itetemeke.

Viuatilifu vya oganofosfati na kabamati hufanya vivyo hivyo. Mkulima aliyepulizia bila kinga anaweza kutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho kusinyaa, kutetemeka na kupumua kwa shida. Avuliwe nguo zenye dawa, aoshwe na kupelekwa hospitali haraka, ambako hutibiwa kwa atropini.

Matumizi katika tiba

Vizuizi vya kimeng'enya hiki, kwa kipimo maalumu, ni dawa pia: donepezili hupunguza dalili za ugonjwa wa Alzheimer.