Sheikh Abdilahi Nassir: Kutoka Siasa ya Mwambao hadi Uwanja wa Vitabu

Utangulizi

Atokaye Ngome ya Yesu na kuingia Mji wa Kale wa Mombasa hufuata barabara iitwayo Ndia Kuu. Jina hilo limehifadhi sauti ya Kimvita, kwani penye /nj/ katika Kiswahili sanifu, lahaja hiyo huwa na /nd/: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Juu ya ngome hiyo ilipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963. Mamlaka na lugha ndiyo mambo mawili yaliyoyatawala maisha ya Sheikh Abdilahi Nassir (1932–2022), mwanasiasa, mchapishaji na mwanachuoni wa Mombasa. Makala haya yanadhamiria kueleza uhusiano wa mambo hayo katika maisha yake.

Suala la Mwambao

Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kwamba itautawala ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kwa niaba yake na kumlipa kodi kila mwaka. Kwa sababu hiyo ukanda huo uliitwa Himaya, ilhali bara iliitwa Koloni. Uhuru ulipokaribia, swali likazuka: je, Himaya iungane na Kenya, au ijitawale?

Sheikh Abdilahi, ambaye kabla ya uhuru alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alikuwa miongoni mwa viongozi waliotetea kujitawala kwa Mwambao. Hoja yao ilikuwa ya kisheria: ardhi ambayo haikuwa ya Koloni haingeweza kurithiwa na Koloni. Aidha, walihofia kwamba dini, ardhi na desturi za wenyeji zingemezwa na wengi wa bara.

Hata hivyo, hoja hiyo ilikuwa na udhaifu. Wamijikenda wengi waliiona kuwa njia ya kurejesha utawala wa Waarabu. KANU iliipinga, na KADU ya Ronald Ngala, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa pwani, ilitaka majimbo ndani ya Kenya moja. Ripoti ya Sir James Robertson ya mwaka 1961 ilipendekeza muungano. Mkutano wa London wa mwaka 1962, ambao Sheikh Abdilahi aliuhudhuria, haukuugeuza mkondo huo. Mnamo Oktoba 1963 Sultani aliachilia dai lake, na mnamo Disemba 12 Kenya ikawa huru pamoja na pwani yake.

Uwanja wa Vitabu

Baada ya hapo Sheikh Abdilahi aliingia katika uchapishaji. Alikuwa mhariri, kisha meneja, katika Oxford University Press mjini Nairobi, na baadaye akaanzisha kampuni yake, Shungwaya Publishers. Oxford ndiyo iliyochapisha Malenga wa Mvita (1971) ya nduguye Ahmad Nassir, na Sauti ya Dhiki (1973) ya nduguye mwingine, Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa waraka wa "Kenya: Twendapi?". Diwani hizo zilikipeleka Kimvita katika madarasa ya nchi nzima.

Baada ya mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979, alijitokeza kuwa mfuasi wa madhehebu ya Shia, jambo lililozua mabishano makali. Alijibu kwa mihadhara na vijitabu, kikiwemo Shia na Qur'ani. Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha ni kwamba mjadala huo aliuendesha kwa Kiswahili, hivyo hata asiyejua Kiarabu aliweza kupima hoja za pande zote.

Hitimisho

Siasa ya Mwambao ilidai mpaka. Uchapishaji ulihitaji wasomaji wa pande zote za mpaka huo. Yule aliyetaka pwani isimezwe na bara alitumia miaka yake mingi kuwapa watu wa bara vitabu vya Kiswahili. Hata hivyo, haifai kusema kwamba lugha ilifuta madai ya siasa. Kauli ya "Pwani si Kenya" ilipovuma tena mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilidhihirika kwamba maswali ya ardhi na haki yaliyoulizwa kabla ya uhuru hayakuwa yamejibiwa. Anayesoma ushairi wa Kimvita bila kuijua historia hii atayaelewa maneno, lakini uchungu uliomo ndani yake utampita.