Uchumi wa tabia: Kwa nini mtu huchukua faranga za leo na kuziacha nyingi za kesho?

Tuseme mama anayeuza ndagala katika mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ametakiwa achague moja kati ya mawili: apewe faranga 10,000 leo jioni, au angoje wiki mbili apewe 12,000. Akizichukua za leo, majirani watamkumbusha kwamba subira huvuta heri. Mchumi wa tabia, kwa upande wake, atauliza ni nini kilichomfanya aamue hivyo.

Swali hilo huwashangaza wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Vitabu vyao vya mwanzo humchora binadamu kama mtu anayepima faida na hasara kwa utulivu, na huichukulia subira yake kama jambo alilonalo tu, lisilohitaji maelezo.

Nadharia na jaribio

Uchumi wa tabia huchunguza jinsi watu wanavyoamua katika maisha halisi. Uchumi wa majaribio ni njia ya kuchunguza: watu huwekwa mbele ya uchaguzi ulio wazi, na mara nyingi hulipwa fedha za kweli kulingana na walichochagua. Sababu ni kwamba maneno hayagharimu kitu. Ukimwuliza mtu kama ni mkarimu atakubali upesi, lakini akitakiwa kugawa fedha zake mwenyewe hujifikiria zaidi.

Mwaka 2002 Tuzo ya Nobel ya uchumi ilitolewa kwa mwanasaikolojia Daniel Kahneman na mchumi Vernon Smith, na fani hizi zikapata heshima mpya.

Vita na subira nchini Burundi

Burundi yenyewe imo katika historia ya fani hiyo. Mwaka 2012 jarida la American Economic Review lilichapisha utafiti wa Maarten Voors na wenzake, uliofanywa kwa watu wapatao 300 katika jamii 35 za mashambani nchini humo. Washiriki walichagua kati ya kujinufaisha na kumnufaisha mwanakijiji mwenzao wasiyemjua ni nani. Kati ya fedha za hakika na za bahati nasibu. Na kati ya fedha za karibuni na nyingi zaidi za baadaye.

Watafiti waliwalinganisha walioguswa zaidi na vita vilivyoanza mwaka 1993 na wale walioguswa kidogo. Walioguswa zaidi walionekana wakarimu zaidi kwa majirani, wepesi zaidi wa kujihatarisha, na wepesi zaidi wa kuchagua fedha za mapema.

Matokeo hayo yana uzito. Mbuni hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kutoa mavuno. Ikiwa vita hupunguza subira, basi madhara yake huendelea katika akiba na mashamba hata baada ya bunduki kunyamaza, na kumlaumu mtu kwa kukosa subira ni kumlaumu kwa yaliyomkuta.

Kubadili wakati

Magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwapa wakulima nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, kisha wakapelekewa bila gharama ya usafiri. Matumizi ya mbolea yaliongezeka. Kilichobadilika kilikuwa wakati wa kulipa, wala wakulima hawakuhitaji kuhubiriwa juu ya kuweka akiba.

Tahadhari

Utafiti wa Burundi ulifanyika vijijini, hivyo hauwezi kuhamishiwa Cibitoke bila kupimwa upya. Mchezo wa muda mfupi nao si maisha mazima.

Tena, mama muuza ndagala anaweza kuwa na subira tele. Huenda anaona bei zinapanda, au hana hakika kwamba aliyemwahidi faranga 12,000 atarudi. Ndiyo maana jaribio lililopangwa vizuri hujitahidi kwanza kuwahakikishia washiriki kwamba malipo ya baadaye yatafika. Bila hilo, mtafiti atadhani amepima subira, kumbe amepima imani.